Sakafu Mbili

Kwangu, Jumanne alasiri

Kwa kaka yangu mpendwa, Pima,

Shikamoo, Kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako cha mlangoni, kikombe cha chai mkononi na miwani imepanda juu ya paji la uso badala ya kukaa machoni. Goti linaendeleaje? Wifi ananiambia limepoa tangu uache kupanda ngazi, ingawa yeye mwenyewe anasema afadhali likuume ukiwa kazini kuliko litulie hivyo huku wewe umekaa tu. Na wanangu, hawajambo? Yule mdogo aliyeng'oka meno mawili ya mbele ameshaweza kutamka "shangazi", au bado anatoa upepo mtupu? Mimi huku mwili haujambo. Nakula, nafanya usafi, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeondoka bila hata kuaga.

Najua utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo na juzi tu tumeongea. Ni kwamba kwenye simu una tabia yako moja: mtu akianza kusema jambo zito, unamkatiza kwa kumwambia hayo yameisha. Na mimi nina tabia mbaya zaidi, ya kukubali kuwa yameisha. Karatasi huwezi kuikatiza. Nimempa wifi ailete mwenyewe atakaporudi kesho. Hajui kilichomo, kwa hiyo usimhoji.

Kwanza ombi. Wifi amenieleza kwamba Jumamosi hii fundi jirani yako anakuja kuchukua sanduku lako la vifaa, lote zima, pamoja na ile spana kubwa ya marehemu baba. Ameniambia unampa bure, na kwamba ulisema mkono uliosahau kupima hauna haki ya kushika chombo cha kazi. Alipokuwa ananisimulia alikuwa anakunja nguo, akasimama katikati ya shuka na kukaa chini. Kaka, nakusihi, usimpe mtu hata bisibisi kabla hujafika mwisho wa barua hii. Ukishafika, uamuzi ni wako na sitatia neno.

Unaijua kazi yangu, au tuseme unajua kuitania. Unawaambia watu mdogo wako kazi yake ni kusema jambo moja mara mbili. Basi mwaka jana ofisi yetu ilipata kazi kutoka kiwanda kimoja cha Ujerumani kinachotengeneza vitu vya bafuni: masinki, vyoo, mabomba ya kuogea, vyuma vya kujishikilia, matangi ya kufichwa ukutani. Kurasa mia mbili na kumi, kutoka Kijerumani kwenda Kiingereza. Bosi alinipa mimi kwa sababu, alisema, ofisi nzima ni mimi peke yangu niliyezaliwa kwenye nyumba ya mafundi bomba. Nilivimba kichwa kidogo, sikufichi.

Ile kazi niliipenda. Wajerumani wana maneno ya bafuni marefu kama mabehewa ya treni, wanayaunganisha tu na kuendelea. Kile chuma cha pembeni ya choo, ambacho mgonjwa anakishika akiinuka na kukikunjia ukutani akimaliza, wao wanakiita kwa neno moja tu. Kwa Kiingereza nilihitaji maneno sita. Bafu lisilo na kizingiti, ambalo kiti cha magurudumu kinaingia moja kwa moja, nalo lina neno lake moja. Na unakumbuka nilikupigia kukueleza kuhusu kile choo chenye kibaraza ndani, kinachopokea mzigo na kuuonyesha kabla maji hayajauchukua? Mhariri wetu, mama mmoja mpole wa kupindukia, aliniuliza kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze kitu kama hicho. Nilimjibu kwamba watu wa zamani walitaka kukagua afya zao kila asubuhi. Akaweka kikombe chake mezani na hakukigusa tena siku ile. Wewe ulicheka mpaka wifi akaja kuuliza kuna nini, ukasema uliwahi kufunga kimoja nyumbani kwa daktari mmoja na miaka yote hiyo ulidhani kilikosewa kiwandani.

Kila neno nililoligeuza nilikuwa naiona mikono yako ikikifunga kitu chenyewe. Lakini sasa nikikumbuka vizuri, naona nilikupigia kwa ya kuchekesha tu. Nilipokwama kweli sikukupigia. Cheti changu kilikuwa ukutani, watu ofisini walikuwa wameanza kuniita mtaalamu, na niliona aibu mtaalamu kumuuliza kaka yake aliyeshinda chini ya sinki. Nimeandika sentensi hiyo na nimeona haya kuisoma, lakini naiacha ilivyo.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo penyewe. Ukurasa wa mia na thelathini na moja ulikuwa na jedwali la vipimo vya vyoo na mabafu ya wagonjwa. Mbele ya kila kipimo Wajerumani walikuwa wameandika herufi nne za kifupi. Sehemu nyingine OKRF, sehemu nyingine OKFF. Ya kwanza maana yake ni pima kutoka juu ya zege tupu. Ya pili maana yake ni pima kutoka juu ya sakafu iliyokwisha, yaani baada ya saruji ya juu na vigae. Mabomba ya kutolea maji machafu yalipimwa kutoka zege. Fremu za vyoo, masinki na vyuma vya kujishikilia vilipimwa kutoka juu ya vigae. Wewe huhitaji kuelezwa tofauti hiyo, ungeniamsha usingizini ukanieleza wewe. Lakini nataka ujue kwamba na mimi niliijua. Sikusoma vibaya, wala hakuna aliyenidanganya. Niliandika zote mbili kwa Kiingereza kirefu, kila moja na maelezo yake.

Mhariri akanirudishia. Vyumba vya jedwali ni vidogo, alisema, maandishi yanamwagikia kwa jirani, yafupishwe. Ofisini kwetu utaratibu ni kwamba kisichoenea ndani ya jedwali kinawekewa kanyota, na maelezo yake yanaandikwa chini ya ukurasa. Basi kote kuwili nikaandika lile neno moja fupi la Kiingereza la sakafu, nikaweka kanyota mbele yake, na nikajiambia maelezo nitayaandika nikimaliza jedwali. Ilikuwa Ijumaa. Siku ile bosi alikuwa anatangaza nani atakuwa mkuu wa kitengo, na mimi akili yangu yote ilikuwa mlangoni kwake. Nilitajwa mimi. Watu walinipongeza, tukala keki, nikaenda nyumbani. Jumatatu kazi ilikuwa imeshatumwa. Nyota zilikuwepo kwenye kila mstari, na chini ya ukurasa hapakuwa na kitu.

Nilikumbuka Jumatano yake, nikiwa naoga. Ningeweza kufunga maji na kupiga simu ofisini. Nilijiambia fundi yeyote atakayelisoma jedwali lile atajua mwenyewe, nikaendelea kujisugua.

Nadhani umeshaanza kuona ninakokwenda. Tafadhali usiiweke barua chini.

Sikujua vifaa vile vitafungwa wapi. Ulipopata kazi kwenye ile nyumba ya wagonjwa wanaojifunza kutembea upya, nilifurahi kama wengine wote. Vyumba ishirini na vinne vya kuogea, na wewe ndiye mkuu wa mabomba. Yaliyotokea unayajua kuliko mimi, lakini nayaandika ili yawe mahali pamoja. Fremu za vyoo zilifungwa kabla saruji ya juu haijamwagwa, sentimita arobaini na nane kutoka zege, kama karatasi ilivyosema. Kisha saruji ikaja, na vigae vikaja, sentimita kumi na moja kwa jumla. Siku ya ukaguzi wakamwomba mwalimu mmoja mstaafu, mwenye nyonga mbovu, ajaribu kukaa. Akakaa, kwenye kiti kilichobaki na sentimita thelathini na saba, akanyoosha mkono kutafuta chuma na chuma kikawa chini ya kiwiko chake. Hakuweza kuinuka. Wauguzi wawili walimwinua, na naambiwa mzee wa watu alilia, si kwa maumivu, bali kwa kuwa watu sita walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama. Kuta ishirini na nne zikabomolewa. Na mtu ambaye mafundi wote walimpa jina la Pima, kwa sababu anapima mara tatu kabla ya kukata, akafukuzwa kazi kwa kutojua kupima.

Ulipokuja kwangu mwezi uliofuata kunifungia kabati la kioo bafuni, nilikaa mlangoni kukutazama. Ulipima mara nne. Mara ya tano ukaninyooshea ile tepu yako ya chuma, ukaniomba nikusomee mimi, kwa sababu huyaamini tena macho yako. Nikasoma, ukaandika namba kwa penseli kwenye fremu ya mlango, ukafunga kabati. Kisha ukaiweka tepu kwenye ukingo wa sinki na kuniambia nikae nayo, wewe imekushinda. Ulikuwa umeshakwenda kupima macho na daktari amekuambia hayana tatizo, na hilo ndilo lililokutia hofu zaidi. Uliniuliza basi ni nini. Nami nikakujibu kwamba ni umri, Kaka, sote tunakwenda huko. Nilikuwa najua si umri. Nimetenda makosa mengi katika jambo hili, lakini jibu lile ndilo linaloniuma kuliko yote, maana lile sikuliacha litokee. Nililitunga mwenyewe, na sauti ya huruma juu yake.

Alhamisi iliyopita bosi aliniletea kazi mpya. Ilikuwa ripoti ya wakaguzi wa jengo lile, kwa Kiingereza, kiwanda kinaitaka kwa Kijerumani. Nadhani bosi hakujua fundi anayetajwa mle ni wa kwetu, maana ripoti haitaji majina, inasema tu fundi mkuu wa mabomba. Niliigeuza sentensi kwa sentensi. Nilifika mahali wanasema kwamba jedwali lilikuwa na nyota zisizo na maelezo, na kwamba fundi mwenye uzoefu angepaswa kushtuka na kuuliza. Mstari uliofuata unasema fundi alihojiwa kama alimuuliza mtu yeyote nje ya eneo la kazi kuhusu nyota hizo, naye akajibu hakuna.

Kaka, ulimuuliza mtu. Ulinipigia mimi.

Ilikuwa saa nne asubuhi, na nilikuwa kwenye kikao changu cha tatu kama mkuu wa kitengo. Ulisema uko kwenye zege, msimamizi anakuharakisha, na una karatasi ya vyoo vya Kijerumani iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ukasema imeandikwa sakafu, lakini kuna kanyota pembeni na huoni kanakoelekeza. Ukaniuliza, wewe Kamusi uliyesoma lugha yao, hawa watu wakisema sakafu wanapimia wapi, kwenye zege au kwenye vigae? Ukaniambia msimamizi anadai ni zege, kwa kuwa mabomba ya chini yalikubali kutoka zege, lakini moyo wako unakataa.

Uliposema kanyota nilijua. Nataka uelewe hapo vizuri, maana ningeweza kukuandikia kwamba sikujua na wewe ungeniamini. Nilijua ni ukurasa wangu, nilijua nimeacha nini chini yake, na jibu nilikuwa nalo kamili. Lakini bosi alikuwa ananitazama, mhariri alikuwa kiti cha pili, na kukujibu sawasawa kungetaka niseme mbele yao kwamba kuna kosa kwenye kazi iliyonipa cheo. Nikakujibu kwa ile sauti yangu ya ofisini. Nilikuambia sakafu ni sakafu, Kaka, fuata karatasi, pimia hapo unapokanyaga.

Ukasema haya, asante, mdogo wangu. Ukakata simu. Na wewe ulikuwa unakanyaga zege.

Nilipanga kukupigia kikao kikiisha. Kikao kiliisha, nikafungua faili, nikahakikisha maelezo hayapo, nikalifunga faili. Sikukupigia siku ile wala kesho yake. Kila siku ilipopita kukupigia kukawa kugumu zaidi, mpaka kuta zikabomolewa na nikawa sina tena cha kuokoa isipokuwa uso wangu. Huo niliuokoa.

Nawe ukakaa mbele ya wakaguzi, ukaulizwa ulimuuliza nani, na ukasema hakuna. Miezi yote hii nilidhani umesahau ile simu. Sasa sidhani. Sijui kama ulijua ukurasa ni wangu, au ulitaka tu jina la mdogo wako lisiingie kwenye karatasi ya watu. Nilipoligeuza lile neno, hakuna, kwa Kijerumani, nilishindwa kuendelea, nikaenda chooni ofisini nikajifungia, nikalia nikiwa nimekishika chuma cha ukutani, ambacho kimefungwa mahali pake sawasawa.

Jana nilikwenda kwa bosi nikiwa na barua tatu. Moja yake, moja ya kiwanda, moja ya kampuni ya ujenzi. Zote zinasema jambo lile lile: kwamba maelezo ya nyota niliyaacha mimi, kwamba fundi mkuu aliuliza kabla ya kufunga, kwamba aliniuliza mimi, na kwamba nilimjibu uongo nikijua ni uongo. Nimeweka jina langu lote na sahihi. Nakala zimo ndani ya bahasha hii. Bosi alisoma yake mara mbili, akaniambia niende nyumbani mpaka nitakapoitwa, na hakusema nitaitwa kwa lipi. Mhariri alinifuata mpaka kwenye ngazi, akaniambia hata yeye aliziona zile nyota na kudhani ni pambo. Nilimwambia asijibebeshe. Nimerudi na kikombe changu cha chai na lile ua langu la dirishani, kwa hiyo nadhani jibu ninalo.

Sijui kama watakurudisha kazini, Kaka. Siwezi kukuahidi lisilo mikononi mwangu, nimeshasema ya kutosha nisiyokuwa na haki ya kuyasema. Wala sikuombi unisamehe. Nakujua, utataka kunisamehe kabla hujafika hata chini ya ukurasa, ukimaliza kusugua miwani. Safari hii usifanye haraka. Kasirika kwanza, unayo haki, na hujawahi kunikasirikia tangu nizaliwe. Ninachotaka ni jambo moja tu: fundi jirani akija Jumamosi, mpe chai, muulize habari za kwake, kisha mwache arudi mikono mitupu.

Ndani ya mfuko aliobeba wifi kuna tepu yako. Asubuhi ya leo kabla ya kuifunga nilikwenda nayo bafuni. Nimepima kutoka juu ya vigae mpaka ukingo wa chini wa kabati la kioo, mara tatu, kama unavyofanya wewe. Ni sentimita mia moja na arobaini na mbili kamili. Kwenye fremu ya mlango, kwa penseli yako, imeandikwa 142. Mkono wako haujasahau kitu.

Wasalimie wanangu wote, na huyo asiye na meno mwambie shangazi anamngoja mpaka yaote. Msalimie jirani pia, hana kosa. Wifi anakuja na barua hii akiwa na afya njema, ila amekula kidogo mno kwangu na hilo umuulize wewe. Mungu akulinde na alilinde goti lako, maana utalihitaji.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuambia upimie hapo unapokanyaga,

Kamusi